Dakika 27 mlangoni: maoni yangu kuhusu huduma ya kusaidia abiria kwenye treni za Uingereza

Ubao wenyewe wa kupandishia kiti cha magurudumu kwenye treni ni wa aluminiamu. Unakunjwa katikati kama sanduku la nguo, una mpini wa kubebea, na juu umepakwa kitu kinachokwaruza kama msasa ili magurudumu yasiteleze. Pembeni una mistari ya njano. Mfanyakazi wa stesheni anaukunjua, anachomeka ncha zake mbili kwenye matundu yaliyo kizingitini mwa behewa, anaukanyaga mara moja kuhakikisha umekaa, ndipo ananipa ishara nipite. Kazi hiyo haimalizi dakika. Miaka 11 nimesafiri kwa treni katika nchi hii, na karibu safari zote zimetegemea dakika hiyo moja na mtu wa kuja na ubao huo.

Natumia kiti cha magurudumu cha umeme. Polio ilinipata Tanga nikiwa na miaka miwili. Nilitembea kwa magongo mpaka nilipokaribia arobaini, mabega yakakataa. Kiti changu pamoja na betri zake kina kilo 120 na ushei, hapo mimi bado sijakaa. Natangulia kusema uzito wake kwa sababu kila nikisimulia yaliyonipata, hakosi mtu wa kuuliza, "Kwani watu hawakuwepo wakakubeba?"

Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu tunaoishi huku, hasa wale mnaoleta wazazi wenu kutoka nyumbani, na mama anatembea kwa mkongojo au baba hawezi ngazi. Wengi hamjui kwamba huduma hii ipo. Inaitwa Passenger Assist na ni bure. Si lazima uwe kwenye kiti cha magurudumu: mzee anayechoka haraka, asiyeona, aliyevunjika mguu, wote wanaruhusiwa kuomba, wala hakuna anayedai cheti cha daktari. Unapiga simu au unatumia programu ya kwenye simu, unataja treni utakayopanda, unasema unahitaji nini. Zamani ilibidi uombe siku nzima kabla. Tangu 2022 inatosha kuomba saa mbili kabla ya kuondoka, na hata ukijitokeza stesheni bila kuomba wanapaswa kukusaidia wanavyoweza. Ukiwa na kiti, watakuuliza vipimo vyake, kwa sababu treni zimetengenezewa kiti kisichozidi upana wa milimita 700 na urefu wa milimita 1,200. Mpimieni mzazi kabla hamjanunua kiti kipya. Iko pia kadi ya punguzo kwa abiria wenye ulemavu, inayokata theluthi ya nauli yako na ya mtu mzima mmoja unayefuatana naye. Kwa wanaosafiri mara kwa mara, gharama ya kadi inarudi upesi.

Ukiisoma ilivyoandikwa, utaona nchi hii imemfikiria kila mtu. Sasa nieleze safari yenyewe.

Januari hii mama mdogo alifariki Tanga. Ndiye aliyenilea tangu nilipougua. Yeye na mjomba. Hatukuwahi mazishi, na jamaa zetu wa Ilford, mashariki mwa London, wakapanga hitima Jumamosi baada ya Adhuhuri. Mimi nakaa upande wa Birmingham. Kutoka huku kwenda London kuna kampuni zaidi ya moja za treni, na sitataja niliyopanda wala stesheni niliyoshukia, kwa sababu yaliyonikuta nimeyasikia kwa wenzangu kwenye njia nyingine pia.

Niliomba msaada Alhamisi jioni. Ujumbe ukarudi: ubao wa kupandia, ubao wa kushukia, nafasi ya kiti imeshikwa. Jumamosi nilifika stesheni nusu saa kabla. Kijana aliyenipokea alikuwa mzuri kweli, nampa haki yake. Alinisalimia kwa jina kutoka kwenye orodha yake, akaongea na mimi, si na shangazi wa jirani aliyenisindikiza. Nafasi ya viti vya magurudumu ilikuwa imejaa masanduku mawili makubwa ya watu. Aliuliza ya nani, akawasaidia wenyewe kuyaweka mahali pake, bila kunifanya nionekane mimi ndiye msumbufu. Kisha mbele yangu akapiga simu stesheni ya mwisho, akasoma namba ya treni na herufi ya behewa, akaniambia, "Wanakusubiri." Akashuka, akakunja ubao wake, tukaondoka.

Kwenye mlango wa choo kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi: hakifanyi kazi. Hiki ndicho choo pekee ninachoweza kuingia kwenye treni ile. Abiria wengine wanahamia behewa la pili, la tatu. Mimi njia ya katikati hainipitishi, nipo pale nilipowekwa. Nitasema jambo ambalo wengi wetu hatulisemi kwa aibu: siku ya safari sinywi kitu. Siku ile nilikuwa sijanywa hata chai tangu saa kumi na mbili asubuhi. Wanawake wengi wenye viti wanafanya hivyo hivyo, na figo zao ndizo zinazolipa. Kwa hiyo mtu akiniambia choo kuharibika ni jambo dogo, huwa namwomba akae saa sita bila maji halafu tuzungumze tena.

Tulifika saa tano na dakika tano. Abiria wakasimama, wakashusha mizigo, wakapita pembeni yangu wakinitakia siku njema. Behewa likabaki tupu. Nikasogea mpaka mlangoni nikachungulia jukwaa kushoto na kulia. Niliona makoti yakienda zake, na upepo wa Januari ukaingia mpaka kwenye mifupa. Mtu wa ubao sikumwona.

Kutoka sakafu ya behewa mpaka jukwaani ni kama shubiri moja. Wekeni kidole gumba na kidole cha mwisho ukutani mwone. Halafu kuna uwazi wa kiasi kama hicho kati ya jukwaa na treni, giza, na chini yake reli. Mtu mzima anavuka hapo huku anaandika ujumbe kwenye simu. Magurudumu ya mbele ya kiti changu ni madogo kuliko sahani ya chai. Yakiingia kwenye uwazi ule, kiti kinapinduka na mimi ndani yake.

Nikabonyeza kitufe cha msaada. Hakuna aliyeitika. Nikapiga namba ya simu, nikaambiwa nisubiri zamu. Zikapita dakika kumi. Wakaanza kupanda abiria wa safari ya kurudi, kwa maana treni hizi hazilali, zinafika na kugeuza. Mama mmoja akaniuliza kama napanda au nashuka. Wanaume wawili wenye nia njema wakasema watanibeba. Nikawaambia uzito, wakatazamana. Wakasema basi wanibebe mimi, kiti kitafuata. Nikakataa. Nilipokuwa mtoto mjomba alikuwa akinipandisha treni ya Tanga kwenda Korogwe mgongoni, ngazi za chuma zile, mikono yangu shingoni mwake, nasikia pumzi yake na harufu ya sabuni. Nilikuwa na miaka saba na yule alikuwa mjomba wangu. Sasa nina miaka arobaini na tisa, nimevaa baibui la hitimani, na hawa ni wanaume nisiowajua. Na je, wakiniweka jukwaani, kiti kikabaki ndani na milango ikajifunga?

Aliyeniokoa ni kijana wa usafi. Aliingia na mfuko wake wa taka, akanikuta, akauliza kwa upole kama nimesahauliwa. Yeye haruhusiwi kugusa ubao, si kazi yake, na sheria ya kazi ni sheria. Lakini alifanya jambo moja ambalo sitalisahau: aliweka mfuko wa taka chini, akasimama katikati ya mlango, mgongo kwenye ubavu mmoja wa mlango na kiatu kwenye ubavu wa pili, akasema treni hii haiondoki mimi nikiwa hapa. Akampigia kelele mwenzake wa behewa la mbele, mwenzake akakimbia. Tulikaa hivyo, yeye amesimama, mimi nimekaa, hatuongei sana. Saa tano na dakika thelathini na mbili ubao ukaja. Aliyeuleta alikuwa anahema, aliomba radhi. Alisema ujumbe haukumfikia, zamu zilikuwa zinabadilishana. Namwamini. Alikuwa peke yake, na majukwaa ni mengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuyakimbilia.

Mwezi Agosti 2024 jambo kama hili lilimfika Tanni Grey-Thompson pale stesheni ya King's Cross, London. Huyu ni mama mwenye medali 11 za dhahabu za Paralimpiki, na ni mjumbe wa Baraza la Malodi, mahali sheria za nchi hii zinapojadiliwa. Alikuwa njiani kuelekea Paralimpiki za Paris. Treni ilifika usiku, akasubiri, hakuna aliyekuja. Mwishowe akatupa vitu vyake jukwaani, akajiburuta nje ya behewa. Habari ilienea, wakubwa wakaomba radhi. Mimi niliisoma nikiwa kitandani, na sikushangaa hata kidogo, nikajisikia vibaya kwamba sikushangaa.

Niseme kwa nini hali iko hivi, maana si ubaya wa watu. Kanuni za kuzifanya treni ziwafae wenye ulemavu zilitoka 1998, na siku ya mwisho ya treni zote kuzitimiza ilikuwa Januari mosi 2020. Zimeleta mengi: milango mipana, rangi za vishikizo zinazoonekana na wenye uoni hafifu, sauti ya kutaja stesheni, choo kikubwa, nafasi ya kiti. Ndani ya behewa mambo yamekuwa mazuri. Kilichoachwa ni kizingiti. Kimo cha kawaida cha jukwaa hapa ni milimita 915, na mengi yalijengwa enzi za Malkia Victoria, mengine kwenye kona, mengine yamedidimia. Sakafu za treni nyingi ziko juu kuliko hapo. Jukwaa lina mwenyewe, treni ina mwenyewe, na shubiri ile iliyo katikati haina mwenyewe. Ndiyo maana ikakabidhiwa ubao, na ubao ukakabidhiwa mtu, na mtu akakabidhiwa simu. Simu isipopokewa, abiria ndiye anayebaki mlangoni.

Nilitoka pale nikatafuta choo kwanza. Reli ya chini ya ardhi ya stesheni ile haina lifti ya kunifikisha kwenye treni. Kati ya stesheni 272 za London Underground, ni takriban theluthi tu zinazofikika bila ngazi. Kwa hiyo nikaenda kituo cha basi. Mabasi ya London yana ubao unaotoka wenyewe chini ya mlango wa kati, dereva anabonyeza tu, na nayapenda kwa hilo. Basi la kwanza nafasi yake ilikuwa na magari mawili ya watoto wachanga, nikaliacha. La pili likanichukua mpaka stesheni ya Tottenham Court Road.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Nilishuka kwa lifti mpaka kwenye laini ya Elizabeth. Laini hii ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022, na stesheni zake zote 41 unaweza kuzifikia bila ngazi. Pale katikati ya jiji, majukwaa yake yalijengwa mapya kwa kimo kimoja na sakafu ya treni. Jukwaani kuna ukuta wa vioo wenye milango, treni inafika nyuma yake, milango ya kioo na ya treni inafunguka pamoja. Mbele yangu kulikuwa na mstari tu sakafuni, mwembamba kuliko kidole. Nikasukuma kijiti cha kuendeshea kiti, nikaingia. Kiti hakikutikisika; hata kikombe cha chai kisingemwagika. Mwanamume aliyesimama karibu na mlango hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Hakuna aliyejua kwamba nimepanda, na machozi yalinilenga, nadhani kwa sababu ya uchovu na msiba, lakini pia kwa sababu hiyo. Nilikuwa abiria tu. Ningeweza kubadili mawazo nikashuka Farringdon kununua maua. Ningeweza kulala, nikapitilizwa, nikarudi, kama watu wengine wanavyopitilizwa.

Lakini Ilford si katikati ya jiji. Ilford ni njia ya zamani na majukwaa yake ni ya kimo cha zamani, kwa hiyo treni ile ile, sakafu ile ile niliyoingilia bila msaada, kule inanihitaji ubao. Nilimwambia mfanyakazi wa Tottenham Court Road kabla sijashuka jukwaani, sikuwa nimeomba mapema, akauliza naingia mlango gani, akapiga simu. Nilikaa dakika zile zote nimekaza mikono. Treni iliposimama, mlango ulipofunguka, mama mmoja wa makamo mwenye koti la kung'aa alikuwa tayari amesimama, ubao mkononi. Naishukuru Ilford. Lifti zinafanya kazi na ni safi.

Nilifika saa saba na robo. Yasini ilikuwa imekwisha. Wanawake walikuwa wanapakua pilau, dada yangu akanivua koti, wifi akaniletea maji, nikanywa bilauri tatu mfululizo bila kusema neno. Wakanisomea dua peke yangu, Mungu awabariki. Lakini nilikuwa nimekuja kumsomea mama mdogo pamoja na wenzangu, na wakati ule ulikwisha wakati nipo mlangoni mwa behewa nikitazama makoti.

Kurudi usiku kulikuwa na mtihani wake: lifti ya stesheni ya kwetu ilikuwa imeharibika. Safari hii mfumo ulifanya kazi. Waliniarifu nikiwa bado London, wakanishusha stesheni nyingine iliyo mbele, na teksi yenye nafasi ya kiti ikanisubiri nje, imelipiwa na kampuni. Hilo ni haki yenu, lijueni. Kama stesheni haifikiki kwa kiti au lifti imekufa, wanapaswa kukupa usafiri mwingine unaokufaa bila nyongeza ya nauli. Msikubali kuambiwa "pole, jaribu kesho".

Na kama msaada mlioomba haukuja, andikeni. Mimi niliandika kesho yake: saa, behewa, namba ya ombi, picha ya karatasi ya chooni. Kampuni ilinirudishia nauli na kuniomba radhi. Jibu lisiporidhisha, kuna Rail Ombudsman, msuluhishi aliyeanza kazi 2018, ambaye hatozi abiria chochote. Wazee wetu wanaona aibu kulalamika ugenini. Waandikieni ninyi.

Mtu akiniuliza alama, wafanyakazi nawapa nne na nusu kati ya tano, pamoja na yule aliyechelewa. Kijana wa usafi nampa zote. Huduma yenyewe naipa mbili, kwa sababu huduma inayonifikisha mara tisa na kuniacha mara ya kumi inanilazimu kusafiri mara zote kumi kana kwamba nitaachwa. Na siwezi kukubali maneno kwamba haiwezekani kuwa vingine. Treni za DLR, reli nyepesi ya mashariki mwa London, zinaingilika bila ngazi na bila ubao tangu zilipoanza 1987. Treni mpya za kampuni ya Greater Anglia, zilizoanza 2019, zina sakafu ya chini na kidaraja kinachotoka chenyewe kuziba uwazi. Zile za Merseyrail kule Liverpool, zilizoanza 2023, nazo hivyo hivyo. Kwenye jibu langu kwa kampuni niliwashukuru kwa nauli, nikauliza treni zao zijazo zitakuwa na sakafu ya kimo gani.

Arobaini ya mama mdogo ni wiki ya pili ya mwezi ujao, hapo hapo Ilford, baada ya Adhuhuri. Tiketi nimeshakata na msaada nimeshaomba. Mpwa wangu atakuja kunisubiri kwenye lango la stesheni ya London, asiponiona dakika tano baada ya treni kufika aanze kuuliza. Ipo treni ya saa nne kasoro robo ambayo ingenitosha. Nimechukua ya saa mbili na nusu, ili hata nikiachwa tena mlangoni niwahi Yasini.